Vikombe Vitatu vya Uji

"Sema tena," Nicodemus alisema. "Sema hapa mbele yangu kwamba ni shule iliyomharibu mtoto."

"Nimesema mara moja. Wewe si kiziwi."

"Nataka nisikie vizuri, ndio kesho nikiwa kazini nijue nimeacha nani nyumbani."

Namalwa aliendelea kukata sukuma. Kisu kilikuwa butu, naye alikikandamiza kana kwamba sukuma ndiyo iliyomtukana. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya moshi wa jiko, na wanawake wa nyumba za reli waliokuwa wakitoka bombani walikuwa wamegundua ghafla kwamba ndoo zao ni nzito. Kila mmoja aliishusha yake karibu na mlango huo, akapumzika.

"Yule Muhindi wa darasani ndiye amemchosha," Namalwa alisema. "Chapati, chapati, kila siku chapati iliyolowa samli. Mtoto amekataa. Hata mimi ningekataa."

"Mwezi wa pili alikuwa anakula."

"Na sasa hali."

"Ndiyo nauliza kwa nini."

"Muulize mwalimu. Si yeye ndiye amesomea?"

Nicodemus aliichukua barua ya shule mezani akaisoma tena, kwa sauti, polepole, jinsi alivyosoma notisi za karakana ya reli alipotaka vijana wajue kwamba mambo si mzaha. Mwalimu Ogola alikuwa ameandika kwamba kwa wiki tatu Nekoye hajaonja kitu darasani wala kutamka neno. Keshokutwa, Ijumaa, afisa wa elimu angekuja kuwaona watoto wote wanane wa darasa hilo maalumu. Mtoto ambaye hangeonyesha maendeleo angerudishwa nyumbani na nafasi yake kupewa mwingine, kwa kuwa waliokuwa wakingoja ni wengi. Barua iliisha kwa kuomba radhi.

"Anaomba radhi," Nicodemus alisema. "Mimi nimesimama kwa ofisi ya elimu mara nne, kofia mkononi, namwita karani 'bwana', na karani mwenyewe ni mdogo kuliko kitinda mimba wa kwetu. Mara nne, Mama Nekoye. Sasa akitoka huko anarudi wapi? Si anarudi pale?"

Alionyesha kwa kidevu mguu wa kitanda. Mbao ilikuwa imelika mahali pamoja, mviringo. Kwa miaka mitatu leso ilifungwa hapo, ncha moja kitandani, ncha nyingine kiunoni mwa mtoto, kila mara Namalwa alipokwenda bombani au sokoni. Bila leso Nekoye alikuwa anatoka mbio hadi kwenye reli, anakaa katikati ya njia na kupanga kokoto kwa ukubwa wake, injini inakuja, filimbi inalia, yeye anapanga. Mara mbili wafanyakazi wa reli walimnyakua. Tangu Januari, alipoingia darasa la Mwalimu Ogola, leso haikufungwa tena. Mtoto alirudi nyumbani akiwa amechoka, akakaa.

"Sitamfunga tena mtoto wangu kama mbuzi," Nicodemus alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa chini, hata wanawake wa ndoo hawakuisikia. "Kwa hivyo niambie. Kuna kitu unajua?"

"Sijui kitu."

Nekoye alikuwa kwenye kona, ameupa ukuta uso, anavuta uzi mmoja wa sweta yake na kuuachia, kuuvuta na kuuachia. Namalwa alimtazama, akatazama sukuma. Alijua.

Mtoto huyo alikuwa na miaka saba. Daktari wa Nairobi alikuwa ameandika kwenye faili yake neno la Kizungu, otizimu, ambalo hata nesi wa Nakuru alilisoma mara mbili kisha akafunga faili. Namalwa hakulihitaji neno hilo. Alijua kwamba tangu Nekoye aachishwe ziwa hakula ila uji wa wimbi, na hakuula ila kutoka mkononi mwa mama yake. Nyanya yake alijaribu, akatemewa. Nicodemus alijaribu, akatupiwa kikombe. Namalwa hakuwa amelala nje ya nyumba hiyo hata siku moja. Harusi ya dada yake kule Kimilili ilimpita, na matanga ya mjomba yakampita. Alilalamika kwa kila aliyekuwa na masikio. Lakini wanawake wa reli waliposema, "Huyu mtoto bila Namalwa atakufa," aliinamisha uso ili wasione alivyofurahi.

Halafu siku moja ya Februari Mwalimu Ogola alimkimbilia pale mlangoni mwa darasa, chaki mpaka kwenye nyusi. "Mama Nekoye, leo amekula. Amekula chapati. Na amesema 'leta'."

"Amesema na nani?"

"Na Mama Bhagwanti. Yule mama Muhindi wa duka anayetusaidia."

Namalwa alimshukuru Mungu kwa sauti, kama ilivyopasa. Kisha akamvuta mtoto kwa mkono hadi nyumbani, upesi kuliko miguu ya mtoto. Kitu kilikuwa kinamwasha kifuani kama pilipili iliyoingia njia ya hewa. Miaka saba. Miaka saba alikuwa amemwimbia, amemwogesha, ameokota kinyesi chake, hajapata neno. Sasa neno la kwanza limetoka, nalo si mama. Ni neno la dukani, tena amepewa mwanamke wa dukani. Jioni ile alimkalisha Nekoye kwenye kigoda.

"Sema mama."

Nekoye aliutazama ukuta.

"Haya, sema leta."

Ukuta.

Asubuhi iliyofuata Namalwa alipika uji wa vikombe viwili badala ya kimoja. Hakupanga. Alijiambia kwamba shule ni mbali na mtoto anafaa ashibe. Siku zikapita, ikafika asubuhi akapika vitatu. Chapati ya darasani ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe: mtoto alipewa kipande akitazama uso wa mtu, kipande akitamka, kipande akikaa. Mtoto mwenye vikombe vitatu vya uji tumboni hatazami uso wa mtu kwa ajili ya chapati. Mwalimu alipoanza kushangaa, Namalwa alikuwa ameshaelewa anachofanya, na kilikuwa kitamu. Tusidanganyane, kilikuwa kitamu.

Sukuma zikaisha kukatwa. Nicodemus aliikunja barua akaitia katika mfuko wa shati, akakaa kungoja chakula.

*

Alhamisi Nicodemus aliondoka kabla ya king'ora cha karakana. Namalwa aliwasha jiko. Alikusudia kukoroga uji wa kikombe kimoja tu. Mkono ukapima vitatu, naye akauacha upime. Nekoye alikunywa vyote, macho yake kwenye dari, na Namalwa akampangusa mdomo kwa upole mwingi.

Kwenye lango la shule palikuwa na mwanamume mrefu aliyevaa koti zito la wakulima, ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili. Pembeni yake msichana wa miaka minane hivi alikuwa anazunguka, anazunguka, mikono imenyooka.

"Hujambo, mama," mwanamume alisema. "Mimi ni Kiplangat, nimetoka Rongai. Wako ni yule wa chapati?"

"Yupi wa chapati?"

"Yule amekataa kula. Tumesikia." Alisema bila ubaya, kama mtu anayeuliza bei ya mahindi. "Wangu ndiye anafuata kwa orodha. Mimi siombei mtu mabaya, mama. Lakini kama wako anatoka, uniambie mapema nipange na mwenye lori. Kutoka huko na huyu mtoto si kazi rahisi. Analia mpaka dereva anataka kutushusha."

"Wangu hatoki," Namalwa alisema.

"Basi sawa. Nitakuja hata hivyo."

Alimpita akiwa na hasira, si kwa sababu mtu huyo alimkosea, bali kwa sababu hakumkosea.

Darasa lilikuwa chumba cha zamani cha useremala, mwisho kabisa, karibu na vyoo. Wanafunzi wengine waliliita Darasa la Kimya, ingawa hapakuwa na darasa lenye kelele kama hilo. Mwalimu Ogola alikuwa kijana mwembamba aliyevaa tai kila siku, na kila siku mtoto mmoja au mwingine alikuwa ameitafuna ncha yake. Alimwona Namalwa akitaka kugeuka.

"Mama, leo usiende. Kaa nyuma, uone mwenyewe. Labda wewe utaona kitu sisi hatuoni."

Namalwa alikaa kwenye benchi ya watoto, magoti yake karibu na kidevu.

Bhagwanti alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, sari yake imechomekwa kiunoni ili isivutwe, mguu mmoja umefungwa bendeji. Alikaa chini mkekani akihema, akafungua mkebe wa bati uliofungwa kitambaa. Harufu ya chapati ikajaa chumbani. Alikata kipande kidogo kama ukucha, akakiinua karibu na jicho lake.

"Nekoye. Tazama mama. Leta?"

Nekoye aligeuza kichwa. Akacheua uji kidogo, akalala kwenye mkeka.

"Nekoye. Beti, binti yangu. Leta?"

Mtoto alifunga macho.

Walirudia mara kumi. Namalwa alihesabu. Katika mara ya sita bado alikuwa anafurahi, na katika mara ya tisa furaha ikawa inafanana na kitu kingine. Mwalimu Ogola aliandika sufuri kwenye daftari, chini ya sufuri nyingine nyingi zilizopangwa kama mayai. Bhagwanti hakukirudisha kipande mkebeni. Alikaa nacho mkononi, akakinusa, kisha akanusa vidole vyake.

Saa ya mapumziko alijikokota hadi kwenye benchi, akakaa kando ya Namalwa. Benchi ikalia.

"Mama Nekoye, labda mkono yangu inanuka?"

"Sijui."

"Mimi napika saa kumi na moja asubuhi. Jana nimetia sukari. Juzi hapana tia samli. Juma iliyopita natia maziwa. Yeye hapana taka. Kesho bwana mkubwa anakuja, anafukuza mtoto, na mimi ndio nimeharibu." Alifuta uso kwa ncha ya sari. "Asubuhi nyumbani, yeye anakula?"

Namalwa alitazama mlango.

"Kidogo tu," alisema.

"Kidogo," Bhagwanti alirudia, akitikisa kichwa kama mtu aliyepokea taarifa ya daktari. "Basi njaa iko. Basi ni mimi hapana faa."

Uwanjani watoto wa madarasa mengine walikuwa wanacheza kati, wakirushiana mpira na kupiga kelele. Bhagwanti alianza kuongea bila kuulizwa, macho yake kwenye mguu wenye bendeji.

"Mimi iko na kijana, Mahesh. Miaka ishirini na nne. Kama Nekoye hii, hii kabisa. Anakula wali na dal, hii mchuzi ya dengu, mkono yangu tu. Dada yangu akipa, hapana. Baba yake, mpaka alikufa, hapana. Watu walikuwa wanasema, Bhagwanti, bila wewe hii mtoto hapana ishi. Mimi nafurahi. Najifanya nimechoka, lakini ndani nafurahi sana. Naona mimi ni mama kuliko mama yote ya Nakuru."

Namalwa alishika ukingo wa benchi.

"Sasa mimi nina ugonjwa ya sukari," Bhagwanti aliendelea. "Mwaka jana nilikaa hospitali siku tisa. Mguu hii walitaka kukata. Siku tisa Mahesh hapana kula. Walifungua mdomo kwa kijiko, jino mbili ikavunjika. Nilirudi, yeye ni mfupa tu." Alipumua. "Kwa hivyo naogopa kufa, si kwa sababu yangu. Nasikia kuna darasa, nikasema mimi nitakuja, mtoto ya mtu mwingine ajifunze kula mkono yoyote. Yangu imechelewa. Zamani darasa hapana. Alikaa nyuma ya duka tu, kati ya magunia."

Kisha alimgeukia Namalwa, na uso wake mpana haukuwa na huruma hata kidogo.

"Wewe una bahati. Kweli mimi naona wivu. Naangalia wewe unaleta mtoto asubuhi, anaingia darasani kama watu, na mimi roho inauma."

Namalwa alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari kabisa, lilihitaji pumzi tu. Kengele ikalia, watoto wakarudi, na Bhagwanti akaanza kazi ndefu ya kusimama.

Jioni hiyo Nicodemus aliuliza mambo yamekuwaje shuleni. "Vilevile," Namalwa alimjibu, akampakulia.

*

Ijumaa alipika kama kawaida. Hakuwa ameamua lolote. Alikuwa amejiambia kwamba kikombe kimoja hakidhuru, kisha kwamba afisa akimkuta mtoto analia kwa njaa itakuwa aibu zaidi, kisha akaacha kujiambia. Uji ulichemka, ukatoa mapovu mazito, rangi ya udongo wa mvua. Nekoye alikuja mwenyewe kwenye kigoda, akakaa, akafungua mdomo. Hakumtazama mama yake. Alifungua mdomo tu, macho juu, akingoja mkono anaoujua.

Namalwa alichota kijiko cha kwanza, akakipuliza. Akaona mdomo huo ukiwa wa mwanamke wa miaka ishirini na nne. Akaona kijiko cha hospitali, mkono wa mtu mwingine, meno.

Alirudisha kijiko ndani ya sufuria. Akafunika sufuria, akaibeba kwa vitambaa hadi nyumba ya pili, kwa Wangare, aliyekuwa na watoto sita na hakuwahi kuuliza chakula kimetoka wapi. Leo aliuliza.

"Nekoye hanywi?"

"Hanywi."

"Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Ana njaa."

Wangare alimtazama kama mtu aliyepagawa, lakini alipokea sufuria.

Kilio kilianza kabla hawajafika bombani. Nekoye hakulia kama watoto wengine. Alilia kwa sauti moja iliyonyooka, bila kituo, huku anajirusha chini. Namalwa alimbeba mgongoni, akaumwa bega. Akamshusha, akamkokota, akaumwa mkono. Kwenye foleni ya maji wanawake waliacha ndoo zao zijae na kumwagika.

"Wee Namalwa," mmoja alisema, "leo hata wewe umeshindwa kumlisha?"

Hilo ndilo neno alilokuwa amelikimbia kwa miaka saba.

"Nimeshindwa," alisema, akapita.

Kwenye uwanja wa shule Land Rover ya serikali ilikuwa imesimama kwenye kivuli cha ofisi. Kiplangat alikuwa ukutani na bahasha yake, binti yake amevalishwa gauni jipya lililobaki na mikunjo ya duka. Aliwaona wakija, akasikia kilio, akavua kofia bila kujua kwa nini.

Ndani, afisa wa elimu alikuwa amekaa nyuma na kalamu mkononi. Mwalimu Ogola alikuja mlangoni mbio, tai imelowa.

"Mama Nekoye. Leo? Katika siku zote, mtoto aje hivi leo?"

"Mwalimu, nisikilize kabla sijageuza nia. Hajatia kitu mdomoni tangu jana usiku."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wiki tatu hizi nimekuwa nikimpa vikombe vitatu vya uji kila asubuhi. Vitatu, vimejaa. Nilijua atafika hapa ameshiba. Mwambie na huyo bwana aandike, maana asije akaandika kwamba mtoto ndiye hafai."

Afisa aliinua kichwa. Kalamu yake haikuandika. Mwalimu Ogola alilitazama daftari lake la sufuri, akamtazama Namalwa, na uso wake mwembamba ukawa mwekundu chini ya ngozi. Akalifunga daftari. Afadhali angemtukana, Namalwa aliwaza.

Bhagwanti alikuwa mkekani, mkebe magotini. Namalwa alimwendea, mtoto akining'inia mkononi mwake kwa kilio kilekile. Kwa miezi yote hiyo hakuwa amemwita kwa jina. Nyumbani alimwita Muhindi, na hapa hakumwita kitu.

"Mama Mahesh," alisema. "Mkono wako hauna ubaya. Mtoto alikuwa ameshiba."

Bhagwanti alimtazama. Midomo yake ilisogea. Labda ilikuwa inahesabu asubuhi zile, saa kumi na moja, sukari, samli, maziwa. Kisha akashusha macho, akafungua kitambaa cha mkebe. "Lete mtoto," alisema kwa ukavu.

Namalwa aliinama amkalishe. Hapo Nekoye alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Alinyamaza, akalishika gauni la mama yake kwa mikono miwili, kifuani, akaficha uso humo na kumng'ang'ania, mbele ya mwalimu, mbele ya afisa, mbele ya mwanamke mwenye chapati. Hakuna aliyeweza kukosea mtoto huyo anamtaka nani.

Namalwa alisimama hivyo kwa pumzi moja, mbili. Joto la kichwa kile lilipenya gauni. Lilikuwa tamu kupita uji, kupita sifa zote za bombani, na angeweza kuondoka nalo sasa hivi, nyumbani kuna unga.

Alianza kuvibandua vidole. Kimoja, kingine. Vilikuwa na nguvu kuliko alivyodhani. Alipomaliza mkono wa kwanza aliutia katika kiganja cha Bhagwanti na kukifumba, akabandua wa pili, akautia hapohapo. Mtoto alipiga ukelele. Namalwa alinyoosha gauni lake lililokunjamana, akatoka nje, akauvuta mlango mpaka ukagonga.